Jumamosi: Striding Edge hadi Helvellyn, thibitisheni

Habari za jioni wapendwa. Safari ya Jumamosi, 7 Machi, ipo. Tukutane kijijini Glenridding saa 1:30 asubuhi, saa 2:00 tunaanza kupanda. Tutapita Striding Edge, mgongo mwembamba wa mwamba, hadi kileleni Helvellyn, mlima wa Uingereza (mita 950), na kushuka kwa mgongo mwingine, Swirral Edge. Jua linatua karibu saa 12 jioni, kwa hiyo ikifika saa 7 mchana hatujafika kileleni, tunageuza.

Mje na:
1. Shoka la barafu, helmeti na kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu). Kramponi zijaribuni kwenye viatu mkiwa nyumbani. Ukitikisa mguu zisicheze.
2. Tochi ya kichwani, glavu jozi 2, chakula na chai ya moto.

Kramponi tutazivaa mahali paitwapo Hole-in-the-Wall, kabla mgongo haujawa mwembamba. Wengi huchelewa, wakajikuta wanazifunga wakiwa tayari juu ya barafu. Theluji ikilainika mchana hushikana donge chini ya meno na kukutelezesha. Ligonge kwa mpini wa shoka kila hatua chache. Mwisho wa Striding Edge kuna ufa wa mwamba wa kushuka: uso ukutani, mmoja mmoja, wa juu asubiri. Kileleni msikaribie ukingo wa upande wa ziwa la Red Tarn. Theluji pale huning'inia bila mwamba chini yake.

Upepo ukitabiriwa mkali, nitaahirisha safari na kuwaarifu Ijumaa saa 2 usiku.

Tafadhali andikeni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi saa 3 usiku. Asiye na shoka au helmeti aseme mapema, ninazo za ziada 2.