Jedwali la alama za SAT kwa rangi lina safu iliyokosekana

Mhariri,

Kila matokeo ya SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu Marekani, yanapotoka, magazeti huchukua lile jedwali la wastani kwa rangi na kulichapisha lilivyo. La waliomaliza sekondari mwaka 2023 lilisomeka hivi: Waasia 1219, Wazungu 1082, Walatino 943, Weusi 908, katika mtihani unaoanzia alama 400 hadi 1600. Namba hizo hazina kosa. Ila msomaji ameachiwa safu ya rangi tu, naye atatafuta sababu kwenye safu hiyo hiyo.

Safu iliyokosekana ni ya hali ya familia. Hata wanaoikumbuka mara nyingi huishia kwenye kipato. Mwaka 2022 kipato cha kaya ya kati kwa Wazungu kilikuwa kama dola 81,000, na kwa Weusi kama 53,000, yaani mara moja na nusu hivi. Njoo kwenye mali, maana yake nyumba, akiba na hisa ukishatoa madeni: dola 285,000 kwa 44,900. Hapo ni zaidi ya mara sita. Kwa hiyo ukilinganisha watoto wawili ambao wazazi wao hupokea mshahara sawa, bado hujawaweka mahali pamoja. Mali ndiyo inayoipeleka familia kwenye mtaa wenye shule nzuri, na shule za umma za Marekani hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na kodi ya majengo ya eneo lenyewe.

Kipimo cha umaskini kilicho kibovu kuliko vyote ni kile cha chakula cha mchana shuleni, nacho ndicho kinachotumika sana. Mtoto hula bure iwapo kipato cha familia hakizidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu, na hulipa bei nafuu hadi asilimia 185. Aliyeuvuka mpaka huo kwa dola chache anahesabiwa kundi moja na mtoto wa milionea. Isitoshe, shule zenye maskini wengi huruhusiwa kulisha wanafunzi wote bure bila kujaza fomu, basi katika baadhi ya takwimu kila mtoto wa shule hiyo ni maskini, hata wa daktari. Ukilinganisha watoto wa rangi tofauti wenye umaskini sawa kwa kipimo kama hicho, sehemu kubwa ya umaskini inabaki haijapimwa, na inajificha ndani ya kile kinachoitwa pengo la rangi.

Wanauchumi Roland Fryer na Steven Levitt walilionyesha jambo hili mwaka 2004 kwa takwimu za watoto walioanza chekechea mwaka 1998. Katika hesabu zao waliingiza elimu na kazi za wazazi, kipato, umri wa mama alipozaa mara ya kwanza, uzito wa mtoto alipozaliwa, hata idadi ya vitabu vya watoto nyumbani. Pengo la kusoma kati ya Weusi na Wazungu likatoweka, la hesabu likabaki dogo. Lakini watoto wale wale walipopanda madarasa, pengo lilianza kufunguka upya, vigezo vikiwa ni vile vile. Anayesema yote ni umaskini wa nyumbani hana budi kulijibu hilo. Mtafiti wa elimu Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford anaelekeza kidole shuleni: pengo hukua zaidi pale ambapo watoto Weusi wamerundikana katika shule zenye maskini wengi kuliko zile za Wazungu.

Na pengo hili si la kudumu. Katika mtihani wa taifa wa NAEP, tofauti ya kusoma kwa wenye miaka 17 ilizidi pointi 50 mwaka 1971. Kufikia 1988 ilishuka hadi kama 20. Hakuna asili ya watu inayobadilika hivyo ndani ya miaka 17.

Tahadhari nyingine ni ya watahiniwa. Katika jimbo kama Michigan, karibu kila mwanafunzi hufanya SAT shuleni, hivyo wastani huwa chini. Majimbo ambako wengi hufanya ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, huwa na wastani wa juu wa SAT, kwa sababu wanaojitokeza ni wachache walioazimia vyuo vikubwa. Kupanga majimbo kwa ubora kwa namba hizo ni kujidanganya.

Mkilichapisha tena jedwali hili, ongezeni mambo mawili: asilimia ya wanafunzi waliofanya mtihani katika kila kundi, na mtawanyiko wa alama. Wastani wa makundi mawili ukitofautiana kwa mkengeuko sanifu 0.8 (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi alama zinavyosambaa kuuzunguka wastani), na alama zikiwa zimetawanyika kwa umbo la kengele, bado mtu mmoja kati ya watano wa kundi la chini anaupita wastani wa kundi la juu.

Wenu,
Mchambuzi wa takwimu za elimu