Barua ya wazi kwa madaktari na wauguzi wanaoanza kazi katika wodi za magonjwa ya akili

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa nimestaafu, baada ya miaka mingi ya kupita raundi katika wodi ambazo milango yake hufungwa kwa nje, na ninachotaka kuwaambia kinahusu kalamu zaidi ya dawa. Katika matawi mengine ya tiba mgonjwa akikataa matibabu, daktari humweleza hatari, humtaka atie saini, na mgonjwa huenda zake. Sisi, katika nchi nyingi, sheria imetupa mamlaka ambayo wenzetu hawana: kwa saini ya daktari mmoja au wawili, mtu asiyetuhumiwa kosa lolote huzuiwa asitoke, na huweza kutiwa mwilini dawa asiyoitaka. Mamlaka hayo yana sababu zake, wala sitaki muyaogope hadi mshindwe kuyatumia, kwa kuwa nimeona watu waliokuwa ukingoni mwa kifo wakiokolewa nayo. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya kuyatumia mumuulize mgonjwa, mlisikilize jibu lake, na mliandike kwa maneno yake mwenyewe.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa kijana kama ninyi nilipopewa kumhudumia mwanamke aliyelazwa kwa lazima kwa sababu ya saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza mguso na uhalisia, ambaye siku ya tano alianza kukataa sindano. Muuguzi wa zamu aliniarifu kwamba hakulala, alikuwa akizunguka usiku kucha kati ya kitanda na dirisha. Nilimkuta amesimama, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule bila kutulia hata kidogo, kandambili zake zikisugua sakafu. Akaniambia, “Dawa yenu inanichemsha miguu.” Niliandika kwenye faili kwamba mgonjwa hautambui ugonjwa wake, ana imani potofu kuhusu dawa, na anakataa matibabu, nikaongeza dozi, na watu wanne wakamshika ili achomwe. Siku mbili baadaye daktari mwandamizi alimtazama kwa dakika chache, kisha akaniuliza kama nimewahi kusoma habari za akathisia, yaani ile hali ya kutotulia inayoletwa na dawa zenyewe za saikosisi, na ambayo huweza kuwa mbaya zaidi dozi inapoongezwa. Mama yule alikuwa amenitajia dalili yake kwa usahihi ambao mimi sikuwa nao, nami nikayahesabu maneno yake kuwa sehemu ya ugonjwa.

Kosa lile lina jina katika sheria na katika maadili: nilichukua utambuzi wa ugonjwa nikaufanya kuwa kipimo cha uwezo wa kuamua. Hivyo ni vitu viwili. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa uamuzi mmoja, kwa wakati mmoja. Je, mgonjwa anaelewa anachoelezwa? Anaona kwamba kinamhusu yeye? Anaweza kupima faida na hasara, na kutoa jibu lisilobadilika kila dakika? Mwaka 1994 iliripotiwa nchini Uingereza hukumu ya mgonjwa aliyetajwa kwa herufi C pekee, mzee wa miaka 68 mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na kuleta imani potofu, aliyekuwa akishikiliwa katika hospitali yenye ulinzi mkali na aliyeamini kwamba yeye ni daktari mashuhuri. Mguu wake ulikuwa umeoza, madaktari wakataka kuukata, naye akakataa. Mahakama ilikubali kwamba alikuwa mgonjwa kweli na kwamba imani zake juu ya nafsi yake zilikuwa potofu, lakini ikaona kwamba suala la mguu alilielewa na kulipima, na kwa hiyo ikaamuru usikatwe bila ridhaa yake. Muisome hukumu hiyo polepole, kwa sababu wengi wetu tungeishia kwenye neno “skizofrenia” na kuagiza chumba cha upasuaji.

Kinyume chake pia hutokea, na nisiposema hivi nitakuwa nimewapotosha. Mtu mwenye sonona kali anaweza kuzungumza kwa mpangilio, akajibu kila swali, na bado asiweze kupima lolote kwa kuwa amekwisha kusadiki kwamba hastahili kuishi. Kumwacha aende nyumbani kwa hoja kwamba ana haki ya kuamua ni kumtupa. Ndiyo maana sipendi kanuni fupifupi katika jambo hili, napenda mazungumzo marefu kando ya kitanda.

Katika suala la kumzuia mtu, jueni habari za Kenneth Donaldson wa Marekani. Aliingizwa katika hospitali ya jimbo la Florida mwaka 1957 na akakaa humo karibu miaka 15, akiomba kuachiliwa mara kwa mara, huku kukiwa na watu wa nje waliojitolea kumpokea na kumwangalia. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba dola haiwezi kumfungia tu mtu asiye hatari, ambaye anaweza kuishi salama akiwa huru kwa nguvu zake au kwa msaada wa jamaa na marafiki walio tayari. Katika miaka ile yote, kila fomu ilikuwa na saini ya mtu fulani. Nadhani wengi waliotia saini hawakuwa na ubaya moyoni, waliikuta saini ya jana nao wakaongeza ya leo. Kwa hiyo tarehe ya mapitio ikifika, msinakili maneno ya daktari aliyetangulia. Kaeni na mgonjwa upya, mkimuuliza kama sababu ya mwezi uliopita ingali ipo.

Kuhusu siri, mtasikia sana jina la Tarasoff. Mwaka 1969 huko California mgonjwa alimwambia mtaalamu aliyekuwa akimtibu kwamba atamuua msichana fulani. Polisi wa chuo kikuu alikokuwa akitibiwa waliarifiwa, wakamshika mgonjwa huyo kwa muda mfupi na kumwachia, na msichana, Tatiana Tarasoff, hakuonywa. Aliuawa mwaka huohuo. Mwaka 1976 mahakama ya juu ya jimbo ikatamka kwamba mtaalamu wa tiba ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda mtu anayetishiwa. Nchi zinatofautiana katika kuipokea hukumu hiyo, nanyi someni sheria inayowahusu kabla ya siku ya dharura. Lakini msiichukue kama ruhusa ya kufungua faili kwa kila anayebisha mlango. Tishio zito, dhidi ya mtu anayetambulika, huwaruhusu kusema kile tu kinachohitajika kuzuia madhara. Ndugu wa mgonjwa anayekuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa, akitaka mthibitishe kwamba dada yake hawezi kusimamia mali, hana haki ya hata mstari mmoja kutoka kwenu bila ridhaa ya dada huyo au amri ya mahakama. Wakati huohuo, msiwafukuze jamaa kwa kisingizio cha siri: kuwasikiliza si kutoa siri, na mara nyingi wao ndio walioona dalili za kwanza.

Mahakama ikiwaagiza mtoe ripoti, mwambieni mhusika kabla ya swali la kwanza kwamba siku hiyo hamkuja kama waganga wake, na kwamba atakayosema yatafika kwa hakimu. Anayemfunga mgonjwa kamba aandike saa ya kuanza na saa ya kumaliza, asiondoke kando yake, na ahakikishe anapumua vizuri, anapata maji na anakwenda haja. Mapenzi na mgonjwa ni marufuku bila mjadala, hata akiwa amepona, hata akiwa yeye ndiye aliyeanza. Vidonge vya kusagwa na kufichwa katika chakula cha mtu mwenye uwezo wa kuamua ni udanganyifu na ni kumshambulia mwilini, hata mama yake mzazi akiwasihi kwa machozi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema kwamba watu hao wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha. Kamati inayousimamia ilieleza mwaka 2014 kwamba utaratibu wa kuwaamulia watu unapaswa kuondolewa, mahali pake pawekwe utaratibu wa kuwasaidia waamue wenyewe. Mimi sijafika huko kikamilifu. Ningali naamini kwamba zipo saa ambazo mtu hawezi kusaidiwa kuamua kwa sababu moto umeshika nyumba yote. Hata hivyo mkataba huo umenibadilisha, kwa kuwa umenifundisha kufanya kazi katika siku za afya: mgonjwa akitulia, muulizeni angependa afanyiwe nini ugonjwa ukirudi, dawa ipi imemfaa na ipi imemtesa, nani aitwe na nani asiitwe. Yaandikeni, atie saini, na yawekwe ukurasa wa mbele wa faili, ambapo daktari wa zamu ya usiku atayaona.

Mama yule niliyemtaja alipokaribia kuruhusiwa aliomba kusoma faili lake. Nilisita, kisha nikampa, nikakaa naye akisoma ukurasa wa siku ya tano. Hakunilaumu. Aliniomba niyaandike maneno aliyoniambia siku ile, kwa sababu hakuyaona popote. Rekodi haifutwi wala kurekebishwa kinyemela, hata inapotuaibisha, kwa hiyo sikugusa nilichokuwa nimeandika. Nilitia tarehe ya siku hiyo tuliyosoma faili na saa, nikaandika kwamba mgonjwa alikataa sindano akieleza kwamba dawa inamchemsha miguu, na kwamba alikuwa sahihi. Nikaweka saini, naye akaomba kalamu akaweka yake pembeni.

Ni mimi, mzee wenu katika kazi hii.