Ukubwa wa ramani sio kina cha gemu

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nizungumze jambo ambalo magazeti yetu ya Kiswahili hayaligusi, na likiguswa basi ni upande mmoja tu, kwamba watoto wanatoroka skuli wanajazana kwenye vibanda vya gemu. Hilo lina ukweli wake na wazee wana haki ya kulalamika, mie silipingi. Lakini kuna vijana wengi tu hapa Pemba na kule Unguja, na wengine washakuwa watu wazima na familia zao, wanacheza zile gemu kubwa za hadithi, za mapanga na sihiri, za dunia wazi ambayo mtu unakwenda unakotaka mwenyewe, ndo hizo zinazoitwa RPG, na hawana pa kusoma kwa lugha yao kama gemu fulani ni nzuri au mbovu na kwa sababu gani. Wanabaki na matangazo, na matangazo kila mwaka yanasema lile lile, ramani yetu safari hii ni kubwa kuliko ya mwanzo, kuna misheni nyingi zaidi, kuna silaha nyingi zaidi. Watu wanaamini kwamba gemu ikiwa na vitu vingi ndo ina kina. Mie nasema sivyo kabisa na naomba nieleze.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Mwaka 1996 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa Daggerfall, ramani yake inatajwa kupita kilomita za mraba 160,000, yaani Unguja yetu ambayo ni kama 1,600 na kidogo ingeingia humo karibu mara mia. Miji, vijiji na mapango zaidi ya 15,000. Sasa vingi katika hivyo vilipangwa na kompyuta yenyewe kwa hesabu, ukishaingia vijiji vitatu vinne basi cha tano unakijua kabla hujafika. (Gemu yenyewe siidharau, ilikuwa na mabenki ya kukopa pesa na vyama vya kujiunga, kwa wakati ule ilikuwa ajabu.) Miaka sita baadae, 2002, kampuni ile ile ikatoa Morrowind, kisiwa kimoja tu, Vvardenfell, hakifiki hata kilomita za mraba 30, na mpaka leo watu wanakizungumza, kwa sababu kila pango na kila kibanda kuna mtu alikaa akakipanga kwa mkono wake na akaweka humo kitu cha kujua.

Na Morrowind haikushiki mkono. Unashushwa kwenye meli pale Seyda Neen, unapewa bahasha, unaambiwa nenda Balmora kamtafute mtu anaitwa Caius Cosades, ukifika ulizia kwenye kilabu fulani. Basi. Hakuna mshale juu ya kichwa cha mtu, hakuna nukta ya kijani kwenye dira, unauliza njia kama mgeni yoyote anavyouliza, na watu wengine hawataki hata kuzungumza na wewe. Halafu Caius anakupeleka kwa mtu mwengine, Hasphat Antabolis, na huyo hakupi khabari bure, anakwambia kaniletee kiboksi cha Dwemer, watu wa kale waliotoweka, kutoka magofu ya Arkngthand, toka mjini, vuka mto, panda kilima, tafuta daraja la zamani. Unakwenda unapotea, unarudi kusoma kwenye daftari alisema nini, unakwenda tena, unafika, mlango wa mwamba umefungwa na hakuna pa kubonyeza. Mpaka ugeuke uone kwenye bomba pale nje kuna mkono wa kuzungusha, unauzungusha ndo mwamba unafunguka. Kuna watu wamekaa pale siku nzima. Lakini muulize yoyote alocheza gemu hiyo zamani, njia ya Arkngthand anaikumbuka mpaka leo, na gemu ya mwaka jana alofuata mshale tangu mwanzo mpaka mwisho hawezi kukwambia hata jina la kijiji kimoja.

Baada ya hapo angalia kilichotokea. Oblivion ya 2006, iliyofuata Morrowind kwa kampuni ile ile, ikaja na mshale kwenye dira, Skyrim ya Novemba 2011 ikauendeleza. Fani za kujifunza Morrowind zilikuwa 27, Oblivion zikawa 21, Skyrim 18. Ule uhuru wa kutunga sihiri yako mwenyewe, uchanganye moto na kupaa na kumtia mtu usingizi, Skyrim ukaondolewa kabisa. Sikasiriki kwa kupungua idadi, idadi peke yake haina maana. Kinachonikera ni kwamba dunia yenyewe imeacha kukukatalia. Morrowind kuna koo tatu kubwa, Hlaalu, Redoran na Telvanni, ukiingia moja nyengine mbili ushazikosa, ukitaka kuziona uanze maisha mapya. Ukimuua mtu muhimu wa hadithi, gemu inakwambia wazi kwamba uzi wa utabiri umekatika, rudi pale ulipohifadhi gemu au baki katika dunia uloiharibu mwenyewe. Skyrim mtu muhimu ukimpiga anapiga goti kidogo anainuka anaendelea na maneno yake kama vile hujamfanya kitu. Na unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi Winterhold huku sihiri unazojua ni mbili tatu, siku hiyo hiyo uwe mkubwa wa wezi na wa wauaji, na hakuna hata mmoja anaeshangaa.

Najua nitajibiwa kwamba Skyrim imeuza zaidi ya nakala milioni 60 kufikia 2023, kwa hiyo watu wameipenda. Kweli, na mie naipenda, kutembea kwenye theluji usiku na ule muziki ni raha ambayo haina mfano. Ila kupendwa ni jambo jengine na kina ni jambo jengine.

Wazee wetu wa barazani hili wanalijua vizuri kuliko watengenezaji wa gemu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, basi, hakuna zaidi ya hapo, kanuni zake unaweza kufundishwa jioni moja, lakini mtu anacheza tangu kijana mpaka mvi na bado anafungwa na mwenzake kwa njia ambayo hajaiona. Kila kete unayoinamua, yaani unayoitia ubaoni, leo inaamua utakachokosa mizunguko mitano mbele, na nyumba, lile shimo kuu la kete, ukishaivunja haijengeki tena. Hicho ndo kina. Sasa chukua gemu nyingi za siku hizi, menyu juu ya menyu, mapanga mia mbili yanatofautiana rangi na namba, ngozi za kukusanya, majani ya kukusanya, minara ya kupanda, kambi za kusafisha, unafungua ramani imejaa alama kama mtu kamwaga mchele, na katika yote hayo hakuna hata kimoja ukikifanya kitakubadilishia kitu chengine. Ni mambo mengi tu. Mchezaji anachoka na kujikuta anafanya kazi.

Sitaki nionekane mtu wa kusifu ya zamani tu, kwa sababu gemu ilonifanya niandike barua hii si ya zamani hivyo. The Witcher 3, imetolewa Mei 2015 na CD Projekt Red ya Poland. Kuna nchi humo inaitwa Velen, matope, njaa, vita imepita, na kuna bwana mmoja mkubwa wanamwita Bloody Baron, mlevi, mkewe na binti yake wamekimbia na anataka uwatafute. Ukichimba unakuta alikuwa akimpiga mkewe, mimba ikatoka, kichanga kikafukiwa bila heshima na kikageuka zimwi. Hapo unachagua, ukiue lile zimwi au umlazimishe baba alibebe. Ukichagua la pili, usiku ule mtu mzima yule amekumbatia kiumbe cha kutisha anatembea nacho mpaka kizingitini kwa nyumba yake, wewe uko pembeni unakituliza kisije kikamrarua, anakipa jina, anakizika. Hakuna panga jipya unalopata hapo la kuzidi hiyo dakika. Na baadae kabisa, kwenye shughuli nyengine unayoona haihusiani, unakutana na roho iliyofungwa chini ya mti, inakuomba uifungue. Ukiifungua, watoto mayatima wa kule kinamasini wanaokoka lakini kijiji kizima kinaangamia, mke wa Baron anakufa na Baron mwenyewe anajitoa roho. Ukiiua, mke anabaki hai lakini akili zimemruka, na watoto huwaoni tena. Gemu haikwambii ipi ni nzuri, haikupi pointi za wema wala ubaya, inakuacha na ulichokifanya, na ukitaka kurudi nyuma kubadilisha yeshapita masaa mengi mno. Nimewahi kuona vijana wawili wanabishana juu ya mti huo kwa hoja hasa, mmoja anasema watoto kwanza, mwengine anasema kijiji kina watoto pia, na wote wawili walikuwa na haki. Hata gemu hiyo lakini haikusalimika, ukiingia bahari ya Skellige utakuta alama za kuuliza zimetapakaa, ukifika ni mapipa ya magendo yanaelea, moja baada ya jengine, yale yote wangeyafuta na hakuna mtu angeyauliza.

Na kina si lazima kiwe cha maneno. Breath of the Wild ya Nintendo, 2017, hadithi yake ni nyepesi, lakini dunia yake inafuata sheria zake kweli, ukiwasha moto kwenye majani makavu hewa inapanda na unaweza kupaa nayo, radi ikianza na umebeba chuma itakupiga, na mwenye akili anamrushia adui lile panga la chuma radi impige yeye. Elden Ring ya Februari 2022 inakuwekea mpanda farasi wa dhahabu pale pale mwanzo Limgrave, hana huruma, na hakuna anaekwambia kwamba unaweza kumkwepa ukarudi ushapata nguvu, unatakiwa ulione mwenyewe. Hizi zote zinamuheshimu mchezaji, na ndo maana nasema dunia ya gemu haijaharibika yote, ila mtu lazima ajue anachotafuta.

Kwetu huku jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya gharama. Baldur's Gate 3 ya 2023 ni katika gemu zenye matawi mengi kuliko zote nilizoziona, hata maiti na wanyama unazungumza nao, lakini inataka gigabaiti 150 kwenye diski, sasa nani hapa atadaunlodi hizo kwa bando la simu, na umeme ukikatika katikati? Wakati Morrowind inaenea kwenye laptopu kuukuu ya ofisini iliyotoka Dubai, na kuna programu ya bure inaitwa OpenMW inayoiendesha vizuri hata kwenye kompyuta za siku hizi, ukishakuwa na nakala yako ya gemu. Kijana asiejua anahangaika kutafuta mashine ya mamilioni ili acheze kitu kikubwa kisicho na kitu ndani, na kile chenye kina kingekubali mashine aliyonayo. Lugha nayo ni kikwazo, gemu hizi ni za kusoma sana, ingawa The Witcher 3 ina maandishi ya Kiarabu na kuna ndugu zetu wenye Kiarabu kizuri yamewasaidia.

Kuna vijana wetu wanasoma kompyuta SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa Zanzibar, na kwengineko, na nyenzo za kutengenezea gemu kama Godot ni za bure. Wakiwaza gemu ya kwetu najua watawaza ramani nzima ya Pemba kuanzia Kigomasha mpaka Mkoani, na wataishia njiani. Nawaomba wafikirie Pujini peke yake. Pale kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, husemwa alikuwa na wake wawili na kisima kimoja, akakijengea ukuta katikati ili wake wenza wasionane wakiteka maji. Nipe hicho kisima, watumishi wachache, mtawala anaeogopwa, na mchezaji ni mtu anaeingia pande zote mbili za ukuta. Utakachomwambia mke mkubwa kitamfikia mdogo kwa njia nyengine. Ukificha khabari kwa huyu unaaminika kwa yule lakini unamuweka mtumishi hatarini. Ramani ni uwanja mmoja tu, na mtu ataicheza mara nne asipate mwisho ule ule.

Sasa ombi langu kwako mhariri. Ukurasa wa michezo mnaweka mpira wiki nzima, na ni sawa, lakini toeni hata robo ukurasa mara moja kwa mwezi mtu achambue gemu moja kwa Kiswahili. Aandike inakula gigabaiti ngapi, inaenda bila intaneti au haiendi, inafaa umri gani ili na wazazi wajue wanachonunua, na muhimu kuliko yote aandike ukiamua jambo humo ndani kuna kitu kinabadilika au hakuna. Kama mtakosa mwandishi mie niko tayari kuanza na hiyo Morrowind, bila ya malipo.

Msomaji wenu,
Chake Chake, Pemba