Mwanangu, kabla hujatia nguo kwenye draya

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima. Babako anakusalimu, na nyanyako kila akimaliza kuswali anakutaja. Juzi uliponitumia picha ya nguo zako zimerundikwa kitandani ukaniuliza, "Mama, kipi kiingie kwenye draya?", yaani ile mashine ya kukaushia nguo, nilikujibu kwa sauti ya dakika moja nikiwa sokoni Kongowea, huku nabeba kapu. Kisha ukanipigia kunieleza habari ya sweta, nikasikia sauti yako inakatika. Sweta ya sufu, ya mshahara wako wa kwanza, imetoka kwenye mashine inamtosha mtoto wa miaka mitano.

Nimekaa leo nikuandikie vizuri. Kazi hii nimeifanya miaka 17 katika londri ya hoteli, nimekulea kwa mshahara wake, na sikukufundisha. Hapa kwetu jua lilitosha. Umeondoka Mombasa unajua kuanika na kuanua kabla mvua haijafika, ila draya hukuwahi kuigusa. Sasa uko Minneapolis huko Marekani, theluji imefunika uwanja, na mashine ziko chini ya jengo unazichangia na majirani. Kosa la sweta silihesabu kuwa lako.

Sufu ni nywele za kondoo, na kila unywele una magamba madogo sana, yamelala kuelekea upande mmoja kama ya samaki. Sufu ikiwa imelowa, ikapata joto na kurushwarushwa, magamba hayo hunasana, nyuzi zikavutana, na hazinasuki tena. Ndiyo maana ulipoivuta kwa mikono haikukusikia. Jaribu kuiloweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye kondishena ya nywele, kisha uinyooshe polepole juu ya taulo. Huenda ikaachia kidogo. Lakini kama imekwisha kushikana ikawa nzito kama blanketi, usijichoshe. Ukinunua nyingine, ukishaifua iviringe ndani ya taulo kavu, uikandamize kwa viganja taulo inywe maji, uilaze mahali tambarare. Usiitundike, uzito wa maji utairefusha mikono.

Pale hotelini, kila nguo ya mgeni niliyoishika nilijiuliza: joto italiweza? Kugaragazwa itakuweza? Na ikikauka kupita kiasi itakuwaje? Pamba huvumilia yote matatu kwa kiasi. Hariri inashindwa na kugaragazwa. Lastiki inashindwa na joto. Ukizoea kuuliza hivyo, hata nguo iliyokatwa lebo utaijua pa kuiweka.

Lebo yenyewe isome kabla hujafua, maana ikilowa na kujikunja huioni vizuri. Beseni ni kufua, pembetatu ni dawa ya kung'arisha, mraba ni kukausha. Mraba wenye duara ndani ndio draya. Ukikatwa kwa alama ya X, nguo hiyo isiingie hata siku moja. Nukta ndani ya duara ndilo joto: moja ni joto dogo, mbili ni la kawaida. Nguo za huko Marekani utakuta na nukta tatu, joto kali. Zile za Ulaya huishia mbili, na kwao nukta moja ni nyuzi 60 za Selsiasi, mbili ni 80. Duara likiwa jeusi tititi, maana yake izungushwe bila joto. Mraba wenye mstari mmoja wa kulala katikati unakwambia ulaze nguo, usiitundike. Ukiwa na shaka baina ya nukta moja na mbili, chagua moja. Utalipa sarafu zaidi kwa muda, lakini nguo utakuwa nayo.

Sasa turudi kwenye picha yako.

Taulo, shuka, foronya na soksi za pamba, tia. Taulo hasa hutoka laini kuliko zikianikwa, na usizimiminie dawa ya kulainisha, huziganda zikawa hazinywi maji. Ila usichanganye taulo nzito na blauzi nyepesi. Blauzi itakauka mapema, iendelee kuungua bure ikisubiri taulo. Na foronya kubwa ya lile blanketi lako, ifunge vifungo, la sivyo itameza soksi zote na utazikuta zimelowa katikati kama andazi bichi.

Fulana na suruali za pamba hurudi kidogo, kwa sababu kiwandani kitambaa huvutwa kikiundwa, na maji na joto hukirudisha kilikotaka kuwa. Kama inakukaa sawasawa leo, joto dogo, na itoe ikiwa na unyevu kidogo kiunoni. Usipime ukavu katikati ya kitambaa. Bana mshono wa mguu na mfuko wa jinzi kwa vidole viwili, hapo ndipo maji hujificha. Jinzi inayovutika ina lastiki ndani, nayo inahesabika na sidiria, nguo za kuogelea na zile suruali zako za mazoezi. Hizo zote zianike. Joto likiirudiarudia lastiki, huchoka na kuvunjika, ukaona vijiuzi vyeupe vimechomoza na kiuno kimelegea.

Buibui lako la mawe usilitie. Kitambaa chenyewe ni poliesta, kingestahimili joto dogo, lakini yale mawe mengi yamebandikwa kwa gundi, na gundi ikipata moto hulainika. Utayakuta chini ya mashine, na mengine kwenye nguo ya jirani. Shungi za poliesta unaweza kuzitia kwa joto dogo, uzitoe mara tu mashine inaposimama. Zikipoa zimejikunja, mikunjo hukaa. Ukiona zinakung'ang'ania mwilini na kutoa cheche, ujue zimekauka kupita kiasi.

Leso mbili za nyanyako nimeziona pembeni ya picha, ile ya rangi ya zambarau bado haijapindwa. Leso ni pamba, mashine haitaiyeyusha. Lakini leso isiyopindwa ikizungushwa hutoka nyuzi pande mbili, nyuzi zikazisokota nguo nyingine kama kamba ya ng'ombe, na pindo likaenda upande. Rangi nayo huparara kwa kusuguana. Ipinde kwanza, ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yawe meupe, uitundike ndani kivulini. Nyanyako alichagua lile jina kwa ajili yako, nataka uendelee kulisoma.

Koti la manyoya ya bata, usiogope. Hilo huingia, kama lebo inaruhusu, kwa joto dogo, pamoja na mipira miwili mitatu safi ya tenisi ili manyoya yasigandamane. Litachukua muda mrefu, pengine mizunguko kadhaa. Litoe kila baada ya muda, uliminyeminye, upasue mabonge kwa vidole. Manyoya yakibaki na unyevu hunuka, na harufu hiyo haitoki kirahisi.

Na ule mswala wenye sponji chini, pamoja na zulia la bafuni la mgongo wa mpira na mto wa sponji. Hapo sikuombi, nakukataza. Sponji na mpira vikikaa kwenye joto la draya vinaweza kushika moto. Vikaushe kwa hewa tu.

Kuna jambo sikuwahi kukueleza ulipokuwa mdogo. Jioni moja pale kazini tulikausha vitambaa vya jikoni, vile ambavyo wapishi hufutia mafuta. Vilikuwa vimefuliwa kwa maji moto, vinanukia sabuni. Tulikuwa tunakimbilia matatu ya mwisho, mwenzetu akaisimamisha mashine kabla ya zile dakika za mwisho ambazo huzunguka bila joto. Tukavikunja vikiwa vya moto, tukavipanga kapuni hadi juu, tukafunga mlango. Usiku mlinzi akasikia harufu ya moshi. Asubuhi niliona lile kapu. Vitambaa vya juu vilikuwa na rangi ya chai, na kadiri nilivyoteremka ndivyo vilivyozidi kuwa vyeusi. Nilikishika cha katikati, kikavunjika mkononi kama jani kavu. Hapakuwa na sigara, wala waya. Fundi alitueleza kwamba mafuta ya kupikia hayatoki yote kwa sabuni, na yale yanayobaki hukutana na hewa yakajitia joto yenyewe. Kitambaa kikitandazwa joto hutoka, kikirundikwa joto halina pa kwenda.

Kwa hiyo aproni yako ya pale unapokaangia kuku, na taulo lolote lililofuta mafuta, vifue mara mbili na uvitundike. Nguo iliyomwagikiwa petroli au thina ya kuyeyushia rangi usiisogeze kabisa karibu na mashine ile. Na mashine ikiwa kwenye dakika zake za kupoa, iache imalize hata kama jirani amesimama mlangoni na kapu lake.

Safisha chujio la draya kila mara, kabla hujaanza, hata kama si wewe uliyelijaza. Humo hujaa zile nyuzinyuzi zinazoganda kama pamba ya kijivu, zinatoka kwa vidole mara moja. U.S. Fire Administration, idara ya serikali ya huko uliko, ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 draya zilisababisha moto majumbani mara 2,900 kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafishwa. Ukiona nguo zinachelewa kukauka kuliko zamani, na chujio ni safi, mwambie mwenye nyumba aangalie bomba la kutolea hewa. Usiongeze sarafu tu. Halafu mulika ndani kwa tochi ya simu kabla hujatia nguo. Mashine ya watu wengi huwa na ubani wa kutafuna au kalamu ya mtu imeyeyukia humo.

Madoa je? Nguo yenye doa isiingie mpaka doa litoke. Joto hulipika doa ndani ya uzi. Ile blauzi nyeupe uliyovaa ukila biriani, nimeiona, manjano bado yapo kifuani. Ifue tena, uiangalie karibu na dirisha ikiwa bado imelowa, kwa sababu taa ya chini ya jengo itakudanganya.

Uliniambia unaogopa kuanika ndani wakati wa baridi, nguo zitanuka. Hapa kwetu masika ingekuwa hivyo kweli. Lakini nyumba yenye hita wakati wa theluji, hewa yake ni kavu mno, wewe mwenyewe umenilalamikia midomo inapasuka. Nunua kianikio kidogo cha kukunja, ukiweke mbali na hita lenyewe, uache nafasi ya kiganja baina ya nguo na nguo. Utashangaa zinavyokauka usiku mmoja, na chumba nacho kikapata unyevu. Madirisha yakianza kutiririka maji, punguza.

Limebaki gauni la buluu. Nimeikuza picha mpaka macho yameniuma, lebo siioni. Linang'aa kama hariri, lakini linavyoanguka naona kama ni viskosi, kitambaa laini cha kiwandani kinachofanana na hariri, na viskosi ikilowa huwa dhaifu, ikikaushwa kwa joto hurudi hata kiganja kizima. Tafuta lebo ya ubavuni, kushoto, chini ya kwapa. Ipige picha mbele na nyuma unitumie, na usilifue kabla sijakujibu. Nitakuwa macho mpaka saa sita za usiku.

Mamako