Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Pamoja na Maelezo Kuhusu Safari ya Looe

Ndugu wanachama,

Habari za masiku. Kamati imekutana mara nne, jarida limetoka mara mbili (la tatu lilikwama kwa sababu mnazozijua), na ramani zetu za reli za mashambani zimehamishiwa nyumbani kwangu, ambako hazitozwi kodi. Hayo mnayajua, sitayarefusha.

Nije kwenye safari ya Looe, mji mdogo wa pwani huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, maana ndiyo iliyojaza kundi letu la WhatsApp tangu Juni kwa malalamiko kwamba tungekwenda York. Ni kweli mkutano uliopita ulitaja York. Nasema ulitaja, kumbukumbu anazo katibu, na kura haikupigwa. Ni kweli pia makumbusho ya reli ya York hayana kiingilio na kwamba Cornwall ni mbali. Lakini tulianzisha chama hiki kufuatilia matawi ya reli ya vijijini Uingereza, si kupigwa picha mbele ya vichwa vya treni vilivyozimwa moto na kung'arishwa.

Tawi la Looe halifiki maili 9. Kabla yake palikuwa na mfereji, mashua zikipandisha mchanga wa pwani na chokaa kwa ajili ya mashamba. Shaba ya vilima vya Caradon ikauzidi nguvu mfereji, ndipo reli ya mizigo ikalazwa kandokando yake mwaka 1860. Abiria walisubiri hadi 1879. Na hata hapo tawi halikugusana na reli kuu iliyopita juu darajani. Kiungo cha kupanda hadi stesheni ya Liskeard, kwenye reli kuu, kilikuja 1901, kwa mteremko mkali na kona inayokaribia duara. Ndiyo maana hadi leo treni inashuka kutoka Liskeard hadi stesheni ya Coombe, inasimama, dereva anahamia upande wa pili, kondakta anageuza njia, kisha mnaondoka kwa kinyumenyume. Waliolalamika kwamba "tumerudishwa tulikotoka" hawakunisikiliza nilipoeleza pale stesheni. Na kwenye stesheni ndogo ya St Keyne treni haisimami mpaka umpungie dereva mkono, kama daladala. York mngeyaona wapi hayo?

Imesemwa kwamba nimewapandisha "kidizeli cha behewa moja". Sawa. Lakini hicho kidizeli kipo! Ripoti ya Dkt. Richard Beeching, mkuu wa reli za taifa wakati huo, ya Machi 1963 ilipendekeza kufunga stesheni 2,363 na maili zipatazo 5,000 za njia, na Looe ilikuwamo. Ilinusurika Septemba 1966, wiki mbili hivi kabla ya kufungwa, pale waziri wa uchukuzi Barbara Castle alipokataa: barabara za bonde lile ni nyembamba na zenye vilima, mabasi yasingewafaa watu. Nilitaka watoto wetu wakalie kiti ambacho nusura kiondolewe. Tiketi za watoto watatu nililipa mimi, na sambusa zilitoka jikoni kwangu, sikuomba risiti.

Mhadhara wa Oktoba niliuandaa kwa wiki sita. Nilieleza kwamba Beeching anabebeshwa hata asiyoyatenda, kwa kuwa zaidi ya maili 3,000 zilikwishafungwa tangu reli zilipotaifishwa mwaka 1948. Walihudhuria watu 9, wawili wakiwa wamekosea mlango. Tuna wanachama 61 kwenye daftari. Siku ya pilau walikuja 54.

Fedha: mapato pauni 640, matumizi 587, baki 53. Waliolipa ada ni 23. Wadaiwa 38, jumla pauni 760. Majina sitayasoma, ingawa mweka hazina alishauri niyasome. Nitasema tu kwamba baadhi ya waliopiga kelele kuhusu gharama za Looe hawajalipa tangu mwaka juzi.

Mwakani, Mungu akipenda, tunafikiria Okehampton, mji wa Devon, ambako huduma ya treni ya kila siku ilikatwa 1972 na kurejea Novemba 2021. Huenda pia jarida likatoka mara tatu. Tutatazama hali.

Wanaotaka York walete hoja kwa maandishi, siku 14 kabla ya mkutano, wakiambatisha stakabadhi ya ada.

Wenu,
Mwenyekiti