Barua ya wakili ikikufikia, usifute makala kwanza

Wanablogu wakitupigia simu kwa pupa, ombi huwa lile lile: "Ndugu yangu, ifute hiyo makala sasa hivi!" Kumbe mwanakandarasi au mwakilishi wadi aliyeandikwa ametuma barua ya wakili, anataka aombwe radhi na alipwe fidia.

Sisi tunahifadhi tovuti, uwakili tumewaachia wenyewe. Lakini kabla ya kufuta chochote tunakutolea nakala kamili: makala, tarehe na saa ilipopanda, kila mahali ulipoirekebisha, hata maoni ya wasomaji. Wakili wako ataiulizia hiyo mwanzo. Ukifuta kiholela, mlalamishi anabaki na picha ya skrini aliyoikata apendavyo, nawe huna cha kumjibu.

Wengi wanachoogopa ni jela. Hapa Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu Februari 2017, kwa hivyo kumkashifu mtu kwa maandishi hakukupeleki gerezani tena kwa kosa hilo. Mwaka wa 2016, kesi ya Geoffrey Andare, aliyeshtakiwa kwa alichoandika Facebook, ilikuwa tayari imekiangusha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa fimbo ya kuwachapia wanablogu. Msijisahau lakini: sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 ingalipo. Ukikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoifahamu, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24.

Kesi ya madai ndiyo yenye kuuma mfuko. Mlalamishi ana miezi 12 ya kuifungua. Ukweli ni kinga yako, ila mzigo wa kuuthibitisha ni wako, na "nilisikia kwa watu" haina uzito mbele ya hakimu. Stakabadhi za zabuni, rekodi za sauti na barua pepe zitunze nje ya simu yako, maana simu ndiyo polisi huichukua kwanza.

Wateja wetu, mkihitaji nakala tutumieni anwani ya makala kwa WhatsApp. Barua yenyewe mpelekeeni wakili, na msiijibu kwa chapisho jipya usiku huo huo.