Nalipa kocha wa mazoezi, mume wangu ananicheka mbele ya mawifi

Shikamoo Shangazi,

Naandika saa tisa usiku, mwenyewe anakoroma hapa kando kama hajamkosea mtu.

Mimi si mtu wa anasa. Daktari ndiye aliyesema presha imepanda, nifanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki. Nikatafuta kocha, anakuja nyumbani alfajiri, shilingi 30,000 kila akija. Pesa ni za duka langu la vitenge, sikumwomba mtu. Jumapili mawifi wamekuja, matoke yameliwa vizuri, mume wangu anawaambia: "Huyu analipa mtu amhesabie moja, mbili, tatu." Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Na mimi nimesimama na sinia mkononi.

Eti barabara haina ada, nikakimbie Northern Bypass kama wenzangu. Saa kumi na moja, giza, malori, mwanamke peke yangu? Eti hata Rais Museveni, Aprili 2020 tulipofungiwa na korona, alipiga pushapu 30 ofisini, miguu mitupu, wala hatukuona kocha. Rais ana daktari wake, mimi nina goti. Goti lenyewe kocha aliliona siku ya kwanza, kwamba nikichuchumaa linaingia ndani. Nani mwingine angeliona? Yeye? Hata nikisuka upya haoni.

Uzito haujashuka sana, nisikudanganye. Presha imeshuka, lakini dawa pia nameza, sijui nimshukuru nani. Na kocha siku hizi anatazama simu kuliko anavyonitazama mimi. Mazoezi yenyewe nimeshayashika kichwani. Ila asipokuja, siamki. Hilo mume wangu asilisikie.

Amhesabie! Mbele ya mawifi! Bia zake za Ijumaa, nimewahi kumhesabia?

Wala sijali anavyofikiri. Nataka tu aniombe radhi mbele ya walewale. Kocha naweza kumwacha hata leo, lakini nikimwacha watasema kaka yao alisema kweli. Rafiki yangu anasema nimwite mara moja kwa mwezi anirekebishe, siku nyingine nijifanyie mwenyewe. Sasa kocha anataka pesa ya mwezi mzima mkononi, na muhula wa watoto ndio unafunguliwa. Kukicha tu atagonga mlango. Nimlipe, Shangazi?

Mama wa vitenge,
Naalya, Kampala